Herufi za Slaidi ni Amana



Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake wote. Amma baad.

Ndugu wasomaji, wazazi wetu na wanafunzi wapenzi, wengi wetu tulisoma kwa ubao na chaki, na wazee wetu walisoma kwa kibao cha mbao na wino. Leo projekta imeingia katika madrasa zetu. Mwanafunzi anasimama siku ya mahafali, anabonyeza kitufe, na maneno yanatokea ukutani mbele ya watu mia. Hii ni neema, na kila neema ina adabu zake. Katika makala haya fupi nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni kuchagua herufi za kuandikia slaidi, yaani fonti.

Huenda mtu akauliza, "Ustadhi, herufi si herufi tu? Muhimu si maneno?" Mimi pia niliwahi kusema hivyo, mpaka yalipotokea yaliyotokea.

KISA CHA SIKU YA MAHAFALI

Mwaka mmoja nilimtayarishia binti wa darasa la nne slaidi za mahafali. Kazi yake ilikuwa kusoma aya moja, kusoma tarjuma yake, kisha kueleza mafunzo matatu. Aya alikuwa ameihifadhi vizuri. Slaidi niliziandika mwenyewe usiku nyumbani, kwa kompyuta yangu ya zamani, na Kiarabu nilikiandika kwa fonti iitwayo Traditional Arabic, ambayo nilikuwa nimeizoea. Zikapendeza. Nikazitia kwenye flashi nikalala.

Asubuhi ukumbini tulitumia kompyuta nyingine, mpya zaidi. Fonti ile haikuwemo. Kompyuta haikusema neno. Ilichagua fonti nyingine yenyewe ikaendelea. Aya ilipotokea ukutani, irabu zilikuwa zimepandana na herufi, alama za waqfu zimegeuka visanduku vitupu, na maneno ya mwisho yameshuka chini ya ukingo wa slaidi yasionekane.

Yule binti aliianza aya kwa moyo, kisha akageuka kutazama ukutani. Macho yakaona kitu kingine na ulimi ukasita. Akarudia, akasita tena. Wazazi wake walikuwa safu ya pili. Mzee mmoja aliyekaa mbele akaniinamia akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hiyo aya imeandikwa vipi?" Sikuwa na jibu. Nilizima projekta, binti akasoma kwa hifadhi yake mpaka mwisho, alhamdulillah. Lakini machozi yake niliyaona, na kosa halikuwa lake. Lilikuwa langu.

Tangu siku hiyo nimejifunza mambo kadhaa, na haya ndiyo ninayotaka kuwapa wenzangu na wanafunzi wetu, ili yasiwapate yaliyonipata.

FONTI NI KITU GANI?

Fonti ni faili ndani ya kompyuta lenye michoro ya herufi. Unapobonyeza herufi "b", kompyuta haihifadhi umbo lake. Huhifadhi namba ya herufi ile tu, kisha huenda kwenye fonti kuchukua mchoro wa kuonyesha. Kwa hiyo slaidi yako ina vitu viwili: maneno, na jina la fonti uliyoichagua. Kwa kawaida michoro yenyewe haimo ndani ya slaidi. Ukilihamishia faili kwenye kompyuta isiyo na fonti ile, maneno yatafika lakini sura yake haitafika. Hii ndiyo siri ya kisa changu.

Na ieleweke kwamba hakuna fonti yenye herufi zote za dunia. Fonti nyingine ina herufi za Kirumi pekee, haina Kiarabu. Nyingine ina Kiarabu cha magazeti lakini haina alama ndogo za msahafu. Hata alama ile moja ya "Swalla Llahu alayhi wasallam" (ﷺ), ambayo kompyuta huihesabu kuwa herufi moja, haimo katika kila fonti. Pale isipokuwemo, mara nyingi utaona kisanduku kitupu.

HERUFI ZA KIRUMI KWA KISWAHILI CHETU

Tuanze na lililo jepesi. Herufi za Kirumi zina makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni herufi zenye vikia, yaani vijistari vidogo mwishoni mwa kila mchirizo. Times New Roman ni ya kundi hili. Ilitengenezwa kwa ajili ya gazeti la The Times la London na ikaanza kutumika mwaka 1932. Kundi la pili ni herufi zisizo na vikia, kama vile Arial, Verdana na Calibri.

Kitabuni, herufi zenye vikia hazina tatizo lolote, kwani karatasi hushika wino hata wa mstari mwembamba. Ukutani hali ni nyingine. Projekta zetu nyingi mwanga wake umepungua kwa umri, na kumbi zetu zina madirisha wazi, jua linaingia. Mistari myembamba huwa ya kwanza kupotea. Kwa sababu hiyo, kwa slaidi ni salama zaidi kutumia herufi zisizo na vikia na zenye unene wa wastani. Verdana, iliyotoka mwaka 1996, ilichorwa makusudi kwa ajili ya kusomwa kwenye skrini. Herufi zake ni pana na zimeachana vizuri.

Hata hivyo, tazameni jambo moja. Katika Arial, herufi kubwa "I" na herufi ndogo "l" zinafanana sana. Andika neno "Ilani" au "Illa" uone. Mtu mzima hubahatisha akapata, lakini mtoto anayejifunza kusoma hukwama. Katika Verdana herufi "I" ina vijistari juu na chini, kwa hiyo haichanganyikiwi na "l". Mwenye kuandaa slaidi za watoto wadogo na alizingatie hili.

Je, Comic Sans, ambayo vijana wetu wanaipenda? Fonti hii ilichorwa mwaka 1994 na Vincent Connare wa kampuni ya Microsoft, kwa mfano wa maandishi ya vitabu vya katuni. Si haramu! Kwa mchezo wa watoto inafaa. Lakini maneno ya mazishi, au sira ya Mtume (S.A.W.), yakiandikwa kwa herufi za katuni, huwa kama mtu aliyekwenda taazia na kofia ya harusi. Kila mahali na vazi lake.

Ama fonti za mapambo, zile zenye maua na mikia mirefu, zinaweza kutumika kwa neno moja au mawili ya kichwa cha habari. Zisiandikiwe aya nzima ya maelezo. Na msiandike sentensi nzima kwa HERUFI KUBWA TUPU. Maneno ya herufi ndogo yana maumbo tofauti, kwa kupanda kwa "k" na kushuka kwa "g". Herufi zikiwa kubwa zote, kila neno huwa kama tofali, na msomaji huweza kuchelewa. Vichwa vya makala katika jarida hili tumeviandika kwa herufi kubwa kwa kuwa ni vifupi. Habari yenyewe haikuandikwa hivyo.

MSOMAJI WA SAFU YA NYUMA

Kosa kubwa kuliko yote katika slaidi zetu ni herufi ndogo. Mwenye kuandika huwa amekaa karibu na kompyuta yake. Anasahau kwamba bibi yake atakaa safu ya mwisho, na miwani ameiacha nyumbani.

Natufanye hesabu kidogo. Slaidi ya PowerPoint, iwe ya umbo la zamani au lile pana la siku hizi, kwa kawaida ina kimo cha inchi 7.5. Inchi moja ina pointi 72, basi kimo cha slaidi ni pointi 540. Sasa tuseme kitambaa chetu cha ukutani kina kimo cha sentimita 150. Herufi za pointi 36 ni sehemu 1 ya 15 ya kimo hicho, yaani sentimita 10, kuanzia ncha ya "k" mpaka mkia wa "g". Herufi ndogo zenyewe, kama "a" na "n", huwa karibu nusu ya hapo, yaani sentimita 5. Ukiandika kwa pointi 18, "a" yako itakuwa sentimita 2.5 tu. Na ukiandika kwa pointi 12, kama tunavyoandika barua, itakuwa chini ya sentimita 2. Nani aliye mwisho wa ukumbi ataiona?

Kwa ukumbi kama wetu mimi hushika kanuni hii: kichwa cha slaidi kisipungue pointi 40, na maelezo yasipungue 28. Maneno yakikataa kuenea, usipunguze herufi. Punguza maneno, au fungua slaidi ya pili.

Ipo njia rahisi ya kupima ukiwa nyumbani. Kimo cha skrini ya kompyuta nyingi za mkononi ni karibu sentimita 19. Ikiwa kitambaa kina sentimita 150, basi mtu aliye mita 12 kutoka ukutani anaona sawasawa na mtu aliye mita 1.5 kutoka kwenye kompyuta hiyo. Basi ijaze slaidi skrini nzima, inuka kitini, rudi nyuma hatua mbili kubwa, kisha soma. Ukishindwa wewe unayeyajua maneno, asiyeyajua atashindwa zaidi.

Kuhusu rangi nitasema kwa ufupi: herufi nyeusi au za buluu iliyokoza juu ya nyeupe, au nyeupe juu ya buluu iliyokoza. Njano juu ya nyeupe haionekani. Nyekundu juu ya kijani humtaabisha kila mtu, na wako ndugu zetu ambao macho yao hayatenganishi rangi hizo mbili kabisa. Picha ya msikiti nyuma ya maneno inapendeza, lakini maneno yakipita juu ya mnara hupotea.

HERUFI ZA KIARABU, NUKTA NA IRABU

Sasa tumefika kwenye kiini cha maneno yetu.

Herufi za Kiarabu 28 huandikwa kutoka kulia, na nyingi zina maumbo manne: mwanzo wa neno, katikati, mwisho, na ikiwa peke yake. Sita kati yake, nazo ni alif, dal, dhal, ra, zay na waw, haziungani na inayofuata. Herufi kama ba, ta, tha, nun na ya zikiwa katikati ya neno huwa na jino moja linalofanana. Kinachozitofautisha ni nukta tu. Juu ya hapo kuna irabu. Neno عِلْم ni elimu, na neno عَلَم ni bendera. Herufi ni zile zile tatu. Ziondoe irabu, hutajua lipi ni lipi ila kwa maneno yaliyo jirani.

Wanavyuoni wetu hawakulichukulia jambo hili kwa wepesi. Husimuliwa kwamba Abul Aswad ad-Duali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, alimsikia mtu akisoma aya ya 3 ya Surat at-Tawba. Pale anapotajwa Mtume mtu yule alisoma kwa kasra badala ya dhumma. Kwa irabu hiyo moja maana ilipinduka, ikawa kama kwamba Mwenyezi Mungu amejitenga na washirikina na pia na Mtume Wake! Abul Aswad alishtuka, na hapo ndipo ilipoanza kazi ya kuutilia msahafu alama: nukta ya rangi juu ya herufi kwa fat-ha, chini yake kwa kasra, na kando yake kwa dhumma. Katika karne ya 2 Hijria akaja Khalil bin Ahmad al-Farahidi, akaweka alama za mistari na vijiwaw ambazo ndizo asili ya irabu tunazosoma hadi leo.

Ndugu yangu mwanafunzi, wakubwa hao walitaabika ili irabu isipotee. Basi si haki irabu hiyo ipotee katika slaidi yako kwa sababu umechagua fonti isiyofaa.

Waandishi wa khati nao walitofautisha kazi ya kila hati. Ibn Muqla, aliyekuwa waziri mjini Baghdad na kufariki mwaka 328 Hijria (940 Miladia), aliweka vipimo vya herufi kwa nukta ya kalamu, ili kila herufi iwe na kadiri yake. Hati ya naskhi ikawa ya kunakilia vitabu na misahafu, kwa kuwa iko wazi na husomeka hata ikiwa ndogo. Hati ya thuluthi ikawa ya vichwa na mapambo. Ndiyo mnayoiona imedariziwa kwenye kiswa cha Al-Kaaba. Hati ya Kikufi ni ya kale zaidi. Hapa Afrika Mashariki tunayo kwenye msikiti wa Kizimkazi Dimbani, Unguja, penye maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia. Ni maandishi mazuri mno, lakini mlete pale kijana aliyehitimu Juzuu Amma, hatayasoma kwa urahisi.

Kompyuta zina fonti za mitindo yote hii. Kwa slaidi, chagueni naskhi. Kati ya fonti za naskhi, mimi hutumia Amiri. Inapatikana bure kwa idhini ya wenyewe, na umbo lake limefuata herufi zilizotumiwa na matbaa ya Bulaq, Cairo, tangu mwaka 1905. Nyingine nzuri na ya bure ni Scheherazade. Zote mbili zina irabu kamili na alama za msahafu. Fonti za kisasa zilizonyooka kama za mabango ya barabarani zinafaa kwa kichwa cha habari kisicho na irabu, lakini msiandikie aya.

Mambo manne yazingatiwe katika kuandika Kiarabu kwenye slaidi:

Kwanza, ukubwa. Kwa pointi zile zile, Kiarabu huonekana kidogo kuliko Kirumi, kwa kuwa fonti yake huacha nafasi ya irabu juu na chini. Ikiwa Kiswahili ni pointi 28, Kiarabu kiwe 40 au zaidi.

Pili, nafasi kati ya mistari. Mistari ikibanana, kasra ya mstari wa juu hushuka ikaonekana kama fat-ha ya mstari wa chini. Hili si suala la uzuri tena. Ni suala la usomaji sahihi. Ongezeni nafasi mpaka kila irabu ijulikane ni ya nani.

Tatu, uelekeo. Iambie programu kwamba aya hii inaanzia kulia. Kuupeleka mstari upande wa kulia peke yake hakutoshi. Usipofanya hivyo, mabano, nukta ya mwisho na namba ya aya huhamia upande usio wake.

Nne, msitie herufi za mlazo wala msipanue nafasi kati ya herufi. Herufi za Kiarabu zinashikana mikono. Ukizitenganisha umeivunja hati. Na mkiona Kiarabu kimetokea herufi moja moja, kinyumenyume, jueni programu hiyo haikijui Kiarabu. Acheni kuitumia kwa kazi hiyo.

AYA, TARJUMA NA MANENO YAKO

Fungueni kitabu chochote cha sharhi tunachosoma darasani. Mtaona matini ya mwandishi wa kwanza imewekwa ndani ya mabano au pembezoni, na maneno ya mwenye kusharehesha yako mbali nayo. Hii ni amana ya kielimu: msomaji ajue nani amesema nini.

Slaidi zetu nazo zifuate mwendo huo. Maneno ya Mwenyezi Mungu yawe na sura yake, tarjuma iwe na sura yake, na maelezo yako wewe yawe na sura yake. Kwa mfano, aya kwa Amiri, kubwa, peke yake juu; tarjuma chini yake kwa herufi za kawaida, pamoja na jina la sura na namba ya aya; na maelezo yako katika slaidi nyingine. Nimeona slaidi ambayo tarjuma na maoni ya mwanafunzi yameandikwa kwa herufi moja, rangi moja, mstari mmoja. Msikilizaji aliondoka akidhani maoni yale ni sehemu ya aya. Kwa hadithi ni hivyo hivyo: maneno ya Mtume (S.A.W.) yajulikane yanaanzia wapi na kuishia wapi.

Fonti mbili zinatosha kwa slaidi zote: moja ya Kirumi na moja ya Kiarabu. Tofauti nyingine zifanyeni kwa ukubwa na wino mzito. Slaidi yenye fonti sita ni kama darasa ambalo watoto sita wanasoma kwa sauti kila mmoja juzuu yake.

Kuhusu aya za Qur'ani kuna tahadhari ya ziada. Msiandike aya kwa vidole vyenu kutoka kichwani. Inakilini kutoka programu ya Qur'ani inayoaminika, kisha ilinganisheni na msahafu neno kwa neno, irabu kwa irabu. Chuo cha uchapishaji wa msahafu cha Mfalme Fahd huko Madina, kilichofunguliwa mwaka 1984, kimetoa fonti zinazofuata hati ya Uthman Taha, mwandishi kutoka Syria aliyeandika Msahafu wa Madina wenye kurasa 604. Lakini mjue kwamba baadhi ya fonti za msahafu huu zimetengenezwa kwa namna ya pekee: neno zima limechorwa kama herufi moja, na kila ukurasa una fonti yake. Ukinakili maneno bila kuwa na fonti ya ukurasa ule, hutoka vitu visivyosomeka kabisa.

Na kwa walimu wa watoto: wanafunzi wetu wengine wamezoea misahafu ya chapa za India na Pakistan, yenye herufi nene na baadhi ya alama zilizo tofauti, na wengine wamezoea ya Madina, ambamo ya ya mwisho wa neno haitiwi nukta. Zote ni sahihi. Ila mtoto akiona ukutani hati asiyoizoea, hubabaika. Mwonyesheni ile iliyo mkononi mwake.

SAFARI YA FAILI

Nimalizie na lile lililoniponza. Fonti ya Traditional Arabic ilikuwemo katika Windows za zamani. Kuanzia Windows 10, iliyotoka mwaka 2015, fonti hiyo na nyingine za Kiarabu ziliwekwa katika fungu la nyongeza ambalo kompyuta nyingi huwa hazina mpaka mwenyewe alitie. Kadhalika, fonti ya kuanzia ya Microsoft Office ilikuwa Calibri tangu mwaka 2007, na mwaka 2023 ikaja Aptos. Kompyuta za zamani haziijui. Na simu, ambazo vijana wengi ndizo wanazotengenezea slaidi, kwa kawaida hazina fonti za Windows.

Dawa ni tatu. Ya kwanza, katika mipangilio ya kuhifadhi ya PowerPoint ya kompyuta kuna kisanduku cha kuagiza fonti zihifadhiwe ndani ya faili, kitieni alama. Hufanya kazi kwa fonti ambazo wenyewe wameruhusu. Ya pili, hifadhini nakala ya PDF. Humo michoro ya herufi husafiri pamoja na maneno, na slaidi itaonekana vile vile popote. Ya tatu, aya za Qur'ani mnaweza kuziweka kama picha kubwa iliyo safi. Picha haibadiliki herufi. Ila isiwe picha ndogo iliyovutwa, maana huchakaa kingo na nukta zikaungana.

MUHTASARI WA KUBANDIKA UKUTANI

1. Kiswahili: fonti isiyo na vikia, maelezo pointi 28 au zaidi, kichwa 40 au zaidi.
2. Kiarabu: naskhi yenye irabu kamili, pointi 40 au zaidi, mistari iachane, uelekeo wa kulia.
3. Fonti mbili tu kwa slaidi zote.
4. Aya, tarjuma na maelezo yako visifanane sura.
5. Linganisha aya na msahafu kabla ya kuhifadhi, na tena baada ya kuifungua katika kompyuta ya ukumbini.
6. Chukua faili lenye fonti ndani yake, na nakala ya PDF.
7. Fika mapema, nenda ukakae safu ya mwisho, usome slaidi zote moja moja.

Hilo la saba ndilo nililolikosa siku ile. Kama ningefika nusu saa kabla, ningeliona kosa nikalirekebisha, na binti yule asingelia. Mwaka uliofuata alisoma tena, slaidi tuliziandaa pamoja, na yeye ndiye aliyekwenda kukaa nyuma kuzipima. Akaniambia, "Ustadhi, mstari wa tatu kasra hazionekani." Tukaongeza nafasi. Alipanda jukwaani akiwa na utulivu, na safari hii alipogeuka kutazama ukutani, aliikuta aya ile ile aliyokuwa nayo kifuani.

Wazazi, msaidieni mtoto wenu anapoandaa slaidi zake kwa kukaa mbali kidogo na kumwambia kweli kama mnaona au hamuoni. Nanyi wanafunzi, mnapochagua herufi, mkumbukeni anayewasoma kabla ya kujipendezesha nafsi zenu.

Twamuomba Allah (S.W.) atujaalie elimu yenye manufaa, atusamehe tulipokosea, na ahifadhi ndimi, macho na mikono yetu katika kukitumikia Kitabu Chake. Aamin.

Wabillahi tawfiq.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.